Jabali la Hamidi

Mlima wa Erice, ulioko pembe ya magharibi ya kisiwa cha Sisilia, haukutimia hata mita mia nane, na mtu aliyezoea habari za Kilimanjaro atauita kilima. Lakini umeinuka peke yake, ubavu wake mmoja ukiwa karibu uguse maji, na mabaharia wameongozea vyombo kwa kuutazama tangu zama ambazo hazikuandikwa. Kila taifa lililoishika pwani ile lilipanda juu na kupapa mahali jina. Wafinisia walimtukuza huko mungu wao wa kike, Astarte. Wagiriki wakamwita Afrodite. Warumi wakamwita Venus, na ibada ikaendelea pale pale, kwani aghlabu mgeni huona tabu kuhamisha mahali pa kusujudia kuliko kubadilisha jina la anayesujudiwa. Baadaye mlima ukaitwa wa Mtakatifu Juliano, na mji wake ukaitwa hivyo hadi mwaka 1934, uliporejeshewa jina la kale la Erice.

Baina ya majina hayo limepita moja ambalo sikuliona katika vibao vya watalii. Waarabu, walioanza kuingia Sisilia mwaka 827 na kuitawala kwa zaidi ya karne mbili, waliuita mlima huu Jabal Hamid. Sisi wa visiwani hatuhitaji mkalimani hapo. Ni Jabali la Hamidi.

Nilikwenda huko mwezi wa Septemba kumtazama binti wa marehemu ndugu yangu, anayeishi Trapani, mji wa bandari ulio chini ya jabali hilo. Ameolewa na kijana wa huko aliyekuja Unguja kufanya kazi katika hoteli za Kiwengwa, ambako Waitaliano wamezoeleka kiasi cha vijana wa ufukweni kukisema Kitaliano kabla ya Kiingereza. Kijana alisilimu, akaja na wazee kuposa, na kwa kuwa ndugu yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, mkono uliopeanwa na wake siku ya nikaha ulikuwa mkono wangu. Msomaji aliyewahi kuozesha atanifahamu. Walii hutamka maneno machache, yakesha kabla udi haujamaliza kufuka chetezoni, lakini mzigo wake hautuliwi siku ile. Miaka tisa ilipita. Sauti yake niliisikia kwenye simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa aliniambia kwamba hajambo. Mwenye masikio ya uzee hujua kuwa "sijambo" ya kwenye simu haipimiki.

"Shikamoo Ami," alinambia pale uwanja wa ndege, akauinamia mkono wangu kama alivyokuwa mdogo.

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

"Sikukonda Ami. Ni hizi nguo za huku."

Siku ya tatu tukapanda mlimani, mimi, yeye na mwanawe wa miaka saba. Kuna barabara inayojipinda kama ukindu, na kuna vigari vinavyoning'inia kwenye waya, ambavyo humfikisha mtu juu kwa muda wa dakika kumi hivi. Mtoto alitaka vigari. Trapani ikazidi kushuka chini yetu, ikajionyesha umbo lake la mundu uliochomoza baharini, na ndivyo Wagiriki walivyouita, Drepanon, yaani mundu. Mbele yake vilikuwa visiwa vya Egadi, na kushoto mashamba ya chumvi yaking'ara kama vioo vilivyotandazwa kuanikwa. Virgil, mshairi wa Warumi, alimfisha mzee Anchises, baba wa shujaa wake, katika pwani hii hii. Nikaona hakukosea kuchagua, maana ni mahali ambapo mtu angekubali kupumzika.

Juu kulikuwa na ukungu. Wenyeji wa Erice huuita busu la Venus, na nadhani ni jina lililopewa na watu wanaokuja mchana na kuondoka jioni, kwa sababu wanaokaa humo wakati wa baridi hulalamikia unyevu unaoozesha nguo makabatini. Huja ghafla kutoka baharini, ukafunika uchochoro mzima, na wewe uliyekuwa unaona Afrika kwa mawazo huoni hata kidole chako. Njia za mji zimesakafiwa kwa mawe yaliyopangwa miraba miraba kama mkeka, yamesuguliwa na nyayo hadi yanateleza. Nyumba ni za mawe ya kijivu, kuta tupu kwa nje. Ukipita pahala mlango umeachwa wazi ndipo unapoona kwamba ndani kuna uwanda, miche ya maua, kisima na ngazi. Uzuri wote umegeuziwa ndani, na mpita njia hana haki nao. Nilisimama mbele ya mlango mmoja wa namna hiyo muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe hawezi kufundishwa maana ya nyumba kama ile.

Upande wa kaskazini ya mji bado imesimama sehemu ya ukuta wa kale, mawe makubwa chini, madogo juu, na kwenye baadhi ya mawe zimechongwa herufi za Wafinisia. Zinatajwa tatu: beth, ain na phe. Mimi nilizisoma ba, ain na fe, kwa sauti ile ile ya chuoni ambayo mwalimu wetu aliitia vichwani mwetu kwa kifimbo. Zina zaidi ya miaka elfu mbili. Aliyezichonga hakukusudia fasihi; huenda alikuwa fundi anayehesabu mawe yake.

Kanisa kuu ni la mwaka 1314, na mnara wake wa kengele umekaa kando kama mlinzi. Ngome iliyojengwa na Wanormani juu ya mabaki ya hekalu la Venus inatazama bahari kutoka ncha ya mwamba. Tuliviona, na vinastahili kuonwa, lakini sitavikalia sana kwa kuwa vitabu vya wageni havisemi jambo jingine. Kilichonishughulisha mimi ni madirisha yaliyofungwa. Watu wengi wa manispaa ya Erice hawakai Erice. Wanakaa bondeni, kwenye majumba mapya yaliyoungana na Trapani, karibu na skuli na hospitali. Juu, msimu ukipita, hubaki watu mia chache. Nyumba ni za urithi, warithi wako Milano au Ujerumani, na nyingine zimegeuzwa vyumba vya kulala wageni. Tuliingia duka la halua zao, vitafunio vya lozi ambavyo hapo zamani vilitengenezwa na watawa wa kike nyuma ya kuta, wakiviuza kupitia tundu bila kuonyesha nyuso. Watawa hawapo tena. Halua ipo, na ni tamu, na foleni yake ni ya wageni.

Niliikumbuka mitaa yetu. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu hapo nimeona nyumba nne za jamaa zangu zikiwa hoteli. Kuta zimepakwa chokaa vizuri kuliko zama za wenyewe. Sisemi kwamba ni vibaya. Nasema kwamba nikipita usiku sijui nimtolee nani salamu.

Mashairi ya mji uliopotea ni mlango mkubwa katika tungo za Waislamu, na Sisilia imechangia mmoja wa mabingwa wake. Ibn Hamdis alizaliwa kisiwani humo takriban mwaka 1056, akaondoka akiwa kijana wakati Wanormani wanaumeza mji mmoja baada ya mwingine, akaishi Sevilla na kwengineko akiwasifu wafalme wa watu, akafariki mwaka 1133 bila kurejea. Sisilia haikumtoka katika diwani yake. Sisi tuna Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na Al-Inkishafi yake juu ya majumba ya Pate. Tofauti yao nimeifikiria mara nyingi: mshairi wetu anasimama ndani ya magofu na kuyasemesha, na yule wa Sisilia anausemesha mji ambao bado umesimama, watu wamo, taa zinawaka, ila yeye ndiye hayumo. Sijui upi mzito zaidi. Nilipokuwa kijana ningelijibu upesi.

Wakati huo mjukuu wangu alikuwa amechoka na historia. Anakifahamu Kiswahili anaposemezwa na mamake, lakini hujibu kwa Kitaliano, na mimi nilikuwa nimeshakata tamaa ya kumsikia akitamka neno nikalitambua. Tukapita kibanda cha matunda karibu na lango la mji. Ulikuwa msimu wa mavuno. Akanivuta mkono, akaonyesha mashada makubwa ya rangi ya asali, akasema: "Zibibbo!"

"Zabibu," nikamwambia.

"Zibibbo," akasema, kwa subira ya mwalimu.

Ndilo jina la aina hiyo ya zabibu, inayostawi zaidi katika kisiwa cha Pantelleria, na asili yake ni lile lile neno la Kiarabu lililotupatia sisi letu. Muuzaji hakujua kwamba ni la Kiarabu, wala halikumsumbua. Wanormani waliwashinda Waarabu, wafalme waliofuata wakawahamisha Waislamu wa Sisilia hadi Lucera, bara ya Italia, kuanzia miaka ya 1220, na mwaka 1300 jamii hiyo nayo ikavunjwa na kutawanywa. Hakubaki hata mmoja. Lakini mtoto akitaka tunda hutumia neno lao. Tulipokuwa tunashuka nilitunga ubeti, na ijapokuwa mizani niliihesabu kwa vidole mbele ya watu, naomba wahariri waniachie:

Nimepanda jabalini, ukungu umelitanda,
Nikasaili njiani, ni nani walopapenda,
Wenyewe hawamo ndani, walikwisha zao kwenda,
Neno lao ulimini, limebaki kama tunda.

Siku iliyofuata mkwe wetu alituchukua pwani. Mashamba ya chumvi ya Trapani yamekuwepo tangu zamani. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 kwa amri ya Mfalme Roger wa Pili huko Palermo, ameyataja, na ni kitabu hicho hicho kilichotaja Malindi na Mombasa. Maji ya bahari huingizwa katika bwawa la kwanza, yakapitishwa la pili na la tatu, kila moja likiwa na kina kidogo kuliko lililotangulia, na jua na upepo vikafanya kazi ambayo mtu hawezi kulipwa kuifanya. Yakikaribia kuganda hugeuka rangi ya waridi. Chumvi huvunwa kiangazi, ikarundikwa marundo marefu, kisha ikaezekwa vigae kabla ya mvua, hata ukiyaona kwa mbali utadhani ni mapaa ya nyumba zilizozama. Vinu vya upepo vimesimama pembeni, vingi vikiwa mapambo sasa. Tangu mwaka 1995 eneo hili ni hifadhi, na heroe husimama majini kwa mguu mmoja, hawamjali mvunaji wala mpiga picha.

Kisha tukaenda Bonagia, chini kabisa ya jabali, palipokuwa na mtego wa jodari. Leo ni hoteli. Nanga za chuma zenye kutu zimepangwa uani kama makaburi yasiyo na majina. Mtego wenyewe ulikuwa wa nyavu, uliofungwa chini kwa nanga na kugawiwa vyumba vyumba, na mvuvi wa kwetu anayejua uzio wa pwani angeufahamu kwa kutazama mara moja: samaki anafuata ukuta, anaingia, hana busara ya kurudi nyuma. Ila wetu husubiri maji kupwa, na wao hawana maji kupwa ya kutosha, kwa hivyo chumba cha mwisho, ambacho walikiita chumba cha mauti, kilikuwa na sakafu ya wavu iliyoinuliwa kwa mikono ya watu kadhaa, wakivuta kwa nyimbo hadi jodari wakatokea juu. Mtego mkubwa wa Favignana, kisiwa kinachoonekana kutoka pale, ulivuliwa kwa mara ya mwisho mwaka 2007. Jodari walipungua, soko likabadilika, vijana wakapata kazi za mahotelini.

"Babu yangu alivuta wavu hapa," alisema mkwe wetu, mkewe akinifasiria. "Aliyeamuru wavu uinuliwe aliitwa rais."

Nikamuuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Rais. Kiongozi wa watega jodari wa Sisilia alibaki na cheo cha Kiarabu miaka mia saba baada ya Waarabu kuondolewa. Nikamwambia kuwa kwetu rais ni mkuu wa nchi. Alicheka sana, akasema kwao rais asiyejua mkondo wa maji asingemaliza msimu mmoja.

Jioni ya mwisho mke na mume walipika kuskusu. Kule Trapani huifinyanga kwa vidole katika bakuli pana la udongo, wakaipika kwa mvuke katika chungu kilichozibwa kwa donge la unga, wakaimwagia mchuzi wa samaki. Baada ya kula tukatoka, mimi na binti yangu, tukatembea juu ya ukuta wa zamani unaopakana na bahari upande wa kaskazini. Mtoto alikuwa mbele na mfuko wake wa zabibu. Nikaona kwamba ndiyo saa ya kuuliza nililolijia, na kwa kuwa wazee hatujui kuuliza moja kwa moja, nikaanza na hadithi.

Nikamsimulia habari za Ibn Jubayr, katibu wa Granada, aliyekuwa anarejea kutoka hija wakati chombo chake kilipovunjika karibu na Messina mwezi wa Disemba 1184. Aliivuka Sisilia hadi Trapani kutafuta chombo kingine, na Idi ya kumaliza Ramadhani ikamkuta hapa. Aliwaona Waislamu wa Trapani wakitoka kwenda kuswali Idi kwa ngoma na mabaragumu, akastaajabu kwamba Wakristo waliwaachia. Aliuandika pia mlima, akasema alivyosikia kuwa wanawake wa huko juu ndio wazuri kuliko wote kisiwani, na akaongeza dua juu yao ambayo mhariri wa leo angeifuta. Lakini kuna jambo aliloliandika Trapani ambalo mtu akishalisoma haliondoki. Mzee mmoja mwenye hadhi, Muislamu, alimtuma mwanawe kwa hujaji mmoja miongoni mwa wale wasafiri. Alimwomba amchukue binti yake, mdogo, anayekaribia kubaleghe. Akipenda amwoe mwenyewe, asipopenda amwozeshe mtu wa kwao amtakaye, ilimradi aondoke naye katika nchi ambayo mzee yule aliona kwamba dini na heshima ya wanawe havina dhamana tena. Baba na ndugu walitumai kumfuata wakipata njia. Binti aliulizwa, naye akakubali. Jina lake halikuandikwa.

"Mgeni kabisa, Ami?" aliniuliza. "Hawamjui?"

"Walimjua kwa siku alizokaa bandarini."

Alinyamaza mwendo wa hatua nyingi. Kisha akanambia jambo ambalo hakuwahi kunambia kwenye simu. Miaka michache nyuma meli ya uokozi ilishusha watu katika bandari ile ile, waliotolewa baharini baina ya Libya na visiwa vya kusini. Ni bahari inayojulikana. Mwezi wa Oktoba 2013, karibu na Lampedusa, walikufa watu 368 katika chombo kimoja. Safari hii wote walifika hai. Baina yao walikuwamo Wasomali waliokulia kambini Kenya, na jirani yake anayejitolea kuwapokea wageni alimjia mlangoni kumwuliza kama yeye anajua lugha yao. Alisema hajui, lakini akenda. Alimkuta msichana wa miaka kama kumi na mitano, peke yake, amejifunika blanketi, na hakuwa amemjibu mtu tangu asubuhi. Akamsemeza kwa Kiswahili.

"Akanitazama, Ami, kama nimemtokea ndotoni. Akaniuliza, 'Dada, hii ni Ulaya ya wapi?' Nikamwambia ni Trapani. Hajapata kuisikia. Nikakaa naye mpaka usiku, nikamfasiria kwa daktari na kwa askari. Walipokuwa wanampeleka kwenye gari akanishika mkono, akaniuliza: 'Na wewe nani alikuleta huku?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, Ami yangu."

Mawimbi yalikuwa yanapiga chini ya ukuta. Nilitaka kumwuliza alilitamka vipi neno hilo, kwa shukrani au kwa namna nyingine, nikaona swali hilo si langu. Akajitia mkono wake kwenye kwapa langu, kwani mawe yalikuwa yanateleza, na tukaendelea.

Ukuta unakwisha, na mbele yake mwisho wa mundu upo mnara wa Ligny, uliojengwa mwaka 1671 kwa kuwaangalia maharamia, na wenyeji husema hapo ndipo zinapokutana bahari mbili. Mtoto alikuwa ameshafika. Amekaa juu ya jiwe, ananingoja mimi nimalizie mashada mawili yaliyobaki, na alipotuona akaunyanyua mfuko juu na kupiga kelele jina lake, kwa namna anayolitamka yeye.